Kinanda Kwenye Njia ya Dhahabu

Basi lilipoingia Nzega abiria waliteremka kununua karanga na kunyoosha miguu. Mimi nilisimama pembeni ya stendi nikiutazama mji ambao mpenzi yeyote wa muziki wa dansi hana budi kuuheshimu. Huku ndiko alikotoka Iddi Nhende, mwanzilishi wa Western Jazz Band, iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1959 ikapewa jina la Jimbo la Magharibi, walikotoka vijana walioiunda. Walikwenda mjini na midundo ya nyumbani, wakaikuta rumba ya Kongo na santuri za Kuba, wakavichanganya, wakatoka na mtindo wao wa saboso. Miaka ya 1960 Dar iliucheza mpaka viatu vikaisha soli.

Safari hii nilikuwa nawafuata watu wanaoifanya kazi ileile leo, isipokuwa wao hawakuhamia Dar. Wamebaki Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro. Wanaimba Kisukuma juu ya kinanda na kompyuta, hawana kampuni inayowasimamia wala promota wa kuwapangia, na fedha yao inatoka mifukoni mwa watu wa huku huku. Ukizungumza habari zao Kinondoni au Sinza utaulizwa mara mbili unamsema nani. Ukivuka Nzega kwenda kaskazini, dereva wa bodaboda ndiye anayekuimbia.

Pale Tinde barabara inagawanyika: kushoto unakwenda Isaka na Kahama, kulia Shinyanga mjini. Nilianza na kulia.

Karibu na stendi ya Shinyanga nilikuta kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi, spika moja mlangoni imeelekezwa barabarani, ndani kijana na kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi. Nikamwambia aniwekee Bhudagala Mwanamalonja, Nelemi Mbasando na Kisima Majabala. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza, "Sawa kaka, lakini unataka za nini?" Sikumwelewa mpaka aliponigeuzia kioo cha kompyuta. Nyimbo zake hazikupangwa kwa majina ya waimbaji. Zilikuwa kwenye mafungu: za harusi, za waganga, za sungusungu, za wafanyabiashara, za kulima. Ndani ya fungu la harusi kila wimbo una jina la mwenye shughuli, harusi kwa fulani, harusi kwa mzee fulani wa kijiji fulani, mamia kwa mamia. Mwimbaji ni yuleyule, wenye nyimbo ni wengine.

Nilikaa pale karibu mchana mzima. Wateja walikuja na simu za vitochi zenye memori kadi. Mama mmoja aliyetoka kuuza pamba alitaka wimbo mmoja tu, ule alimotajwa mdogo wake. Kijana wa kibanda aliutafuta kwa subira, akaucheza mwanzo, mama akatikisa kichwa, akaucheza mwingine, mpaka jina likasikika. Mama akacheka kwa sauti, akalipa, akaondoka na simu ameibana sikioni.

Nadhani pale kibandani ndipo safari yangu ilipopata shabaha. Muziki huu unajitegemea kwa kuwa kila wimbo umeshalipiwa na mtu kabla haujaimbwa. Redio ikiupiga ni heri, isipoupiga mwimbaji amekula tayari.

Kesho yake nilichukua pikipiki kwenda kijiji kimoja upande wa Kishapu. Mashamba ya pamba yalikuwa yamebaki vijiti, na kwa mbali ulionekana weupe wa vifusi vya Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Niliyemfuata alikuwa mzee aliyepata kuwa manju wa kundi la jembe. Alikaa kwenye kigoda chini ya mkwaju, miguu mitupu, fimbo mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka. Kaa, usisimame kama mtu wa kodi."

Nilimwomba anisimulie bugobogobo, ile ngoma ya majembe ambayo leo watalii huoneshwa jukwaani. Yeye aliijua ikiwa kazi. Kundi lilikodishwa na mwenye shamba, ngoma zikatangulia mbele ya wakulima, manju akaimba, mstari mzima wa majembe ukaingia ardhini kwa mpigo mmoja. Wakifika mwisho wa shamba majembe yanarushwa juu, yanazungushwa, yanadakwa. Malipo yalikuwa ng'ombe au nafaka, na siku ya kula watu walikula kweli. "Hatukulima bure na hatukuimba bure," alisema. "Kijiji kikitaka kundi zuri, kinatuma mtu na ahadi ya ng'ombe. Kikituma mtu na maneno, sisi tunabaki kwetu."

Mmarekani Frank Gunderson aliyazunguka maeneo ya Usukuma miaka ya 1990 akikusanya nyimbo za kazi za namna hii, na kitabu chake cha mwaka 2010 kimebeba zaidi ya 300: za wawindaji wa nungunungu, za washika nyoka, za wapagazi waliokwenda pwani na kurudi, za wakulima wa pamba. Ukizisoma unaona jambo ambalo mzee alinieleza bila kitabu. Nyimbo za huku zimekuwa zikimeza kila kilichopita njiani. Wapagazi wa karne ya 19 walirudi na mapigo ya pwani. Mishonari alikuja na kwaya, kwaya ikaimbwa kwa koo la manju.

Nyuma ya hamu hiyo ya kumeza kila kitu kuna mashindano. Katika karne ya 19 wachezaji wawili waliokuwa pia waganga, Gika na Gumha, waliacha nyuma yao vyama viwili, Bagika na Bagalu, na hadi leo kundi la ngoma la Kisukuma hujihesabu upande mmoja au mwingine. Makundi mawili huingia uwanja mmoja, saa moja, kila moja na ngoma zake, na watazamaji wako huru kuhama. Hakuna jaji anayejaza karatasi; mshindi ni aliyezungukwa na watu. Ndiyo maana wachezaji walileta chatu, wakaleta fisi, wakachonga masanamu ya miti yenye viungo vinavyocheza, na bado wanashindana hivyo kila Juni kwenye Bulabo pale Bujora, Kisesa, ambako Padri David Clement alijenga kanisa na makumbusho ya Wasukuma. Mtu aliyeingiza chatu uwanjani ili kumnyang'anya mwenzake watazamaji asingekiogopa kinanda.

Nilimuuliza mzee anakionaje. Alifikiri kidogo.

"Kinanda si kibaya. Ubaya wake hakichoki. Mpiga ngoma akichoka anajua na watu wamechoka, anabadilisha. Kile chombo chenyewe kinakwenda tu."

Maneno hayo nilitembea nayo njia nzima iliyobaki.

Kahama ni mji wa malori. Mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo hupitia bandari kavu ya Isaka na kuendelea magharibi, na madereva huacha nyimbo kama wanavyoacha madeni. Seben ya Kongo iko kila baa. Kuna Bongo Fleva, kuna kwaya za kanisa la AICT, na jioni utasikia singeli kutoka pikipiki yenye spika chini ya kiti. Studio niliyoelekezwa ilikuwa chumba nyuma ya duka la pembejeo, na harufu ya dawa ya pamba ilipenya hadi ndani. Magodoro mawili yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, kipaza sauti kimevishwa soksi nyeusi, kompyuta ya mezani, kinanda kidogo, feni iliyozimwa kila wanapoanza kurekodi. Joto lake sitalisahau.

Siku hiyo walitengeneza wimbo wa harusi ya Katoro. Prodyuza, kijana wa miaka ishirini na kitu, alianza na ngoma. Hakuipiga. Alifungua faili la ngoma halisi aliyoirekodi kwa simu nzuri kwenye uwanja wa kijiji, akakata kipande kifupi, akakirudiarudia mpaka kikawa mdundo. Chini yake akaweka besi ya Bongo Fleva. Kisha akaingia mpiga gitaa aliyekulia Kigoma, akapiga seben nyembamba, kali, inayozunguka mahali pamoja. Prodyuza akamsimamisha: "Hapana kaka, hiyo ni ya Kinshasa kabisa. Irudishe nyuma ya ngoma." Walibishana. Mwisho gitaa likakubali kuchelewa nukta moja nyuma ya mdundo, na hapo hapo niliona mabega ya watu wote chumbani yakianza kusogea, hata ya mwenye duka aliyekuja kuuliza umeme.

Mwimbaji alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa kofia ya mchezo wa gofu. Mkononi alikuwa na karatasi ya daftari iliyojaa majina: bwana harusi, baba yake, wajomba, rafiki mwenye maduara mawili, yaani mashimo ya dhahabu, huko Nyarugusu, mwenye gari la kubebea maharusi, mganga wa ukoo. Kila jina lilikuwa na kiasi pembeni. Waliotanguliza nusu walipigiwa mstari. Alisoma karatasi mara mbili, akaikunja akaiweka mfukoni, na alipovaa spika za masikioni hakuitazama tena. Majina yote yalitoka kichwani, kila moja na ukoo wake na kijiji chake na sifa yake, katika mistari mirefu inayoporomoka bila kuvuta pumzi, na wanawake wawili nyuma yake wakiitikia kwa sauti za kwaya ya kanisa. Prodyuza aliipitisha sauti yake kwenye ile mashine ya kunyoosha noti, kidogo tu, ikapata mng'ao. Ile ni kazi ya manju wa jembe mwenye kumbukumbu ya ukoo mzima. Wanaosema ngoma za asili zinakufa wangekaa kwenye joto la chumba kile kwa saa moja.

Kanda ya Ziwa imewahi kuonesha nchi nzima jinsi hili linavyofanyika. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Bukoba alitoka na nyimbo za Kihaya, ngoma ya nyumbani ndani ya studio ya kisasa, na watu wasiojua neno moja la Kihaya wakaimba "Maria Salome" kutoka Mtwara hadi Arusha. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia wakauita "Salome". Hawa wa Kahama wanamtaja Saida kwa heshima, ila njia yao ni nyingine. Yeye alisimamiwa na kampuni akauzwa kanda. Wao wana Noah, jenereta na spika nne, na soko lao linatembea barabara ya dhahabu.

Barabara hiyo niliipita nao, siku mbili kabla ya harusi, kutoka Kahama kupitia Kakola. Vumbi jekundu lilifunika miti yote ya kando. Pale Kakola kuna mgodi wa Bulyanhulu, eneo ambalo wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996 kupisha kampuni, na ndani ya gari palitulia kidogo tulipopita uzio. Mmoja wa waitikiaji, dada mwenye sauti nzito, alizaliwa karibu na pale. Mbele ni Bukoli, halafu Geita mjini, chini ya vilima ambako mgodi mkubwa wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mwaka 2019 soko la madini la kwanza nchini lilifunguliwa hapa Geita, na tangu hapo mwenye gramu zake mbili anaziuza penye mizani ya serikali.

Niliomba tusimame kwenye machimbo fulani ya wachimbaji wadogo, na mwimbaji alikuwa na wateja wa kuwasalimia. Maduara yamepangwa kwenye mteremko, kila mdomo umezungushiwa matimba, kapi linapandisha viroba vya mawe. Pembeni makarasha ya kusaga mawe yananguruma na kumwaga unga mweupe unaowafanya watu wote wafanane. Wanawake wanachekecha, wengine wanaosha kwenye mialo. Na kila upande kuna muziki, kwa sababu karasha ni kelele isiyo na utaratibu na mtu hutafuta utaratibu wake. Kwenye kibanda kimoja nilisikia Kisukuma, cha pili Kiha, cha tatu mtu anapiga seben. Rashi ya dhahabu ikitokea mahali, watu wanakuja kutoka Tarime, Kasulu, Bukoba, Singida, hata ng'ambo ya mpaka, ndani ya wiki moja porini panakuwa mji.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyimbo hizi zimechanganyika hivi. Mwimbaji anayeimbia kijiji cha Kishapu anaweza kuimba Kisukuma mwanzo mwisho. Anayeimbia machimbo lazima amshike na Muha na Mkurya, maana nao wana fedha za kutunza. Kwa hiyo anatia kibwagizo cha Kiswahili, anatia gitaa wanalolijua wote, na besi inayofanya kazi kwenye spika mbovu. Hadhira ndiyo iliyochanganyika kwanza, wimbo ukafuata.

Katoro haina mpangilio na haina usingizi. Ni mji wa biashara uliokua kwa fedha ya migodi na mashamba, maduka ya nguo yamebanana na ya vipuri vya makarasha, na ukifika mara ya kwanza unadhani leo ni siku ya mnada. Harusi ilikuwa uwanjani nyuma ya nyumba ya baba wa bwana harusi, maturubai matatu, moshi wa pilau, jenereta kando ya choo ili lisisikike sana. Mwimbaji alipanda jukwaa la mbao saa tatu usiku. Wimbo ulianza kutoka kwenye kompyuta, ule wa Kahama, na jina la kwanza lilipotajwa ukoo mzima ulisimama.

Anayetajwa hawezi kukaa. Anakuja mbele na watu wake, anacheza, anabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji, anataja wa kwake anayetaka naye aitwe, na jina jipya linaingizwa papo hapo kwenye mstari unaofuata. Yule rafiki wa Nyarugusu alikuja na vijana wake wa duarani, wamevaa mashati mapya yenye mikunjo ya pakiti. Mmoja wao alilia alipotajwa. Mwenziwe aliniambia sikioni kwamba wiki zilizopita kijana huyo alifukiwa na udongo hadi kifuani, wakamtoa. Mwimbaji alilijua hilo na alikuwa ameliweka ndani ya sifa.

Katikati ya shughuli wazee walipoinuka kucheza, mwimbaji alinyoosha mkono, prodyuza akabonyeza, kompyuta ikanyamaza yote. Sikuwa nimemwona mpiga ngoma mpaka wakati ule, babu mmoja aliyekaa chini ya jukwaa na ngoma mbili. Alianza taratibu, kwa mwendo wa miguu ya wazee, akiwatazama magoti. Walipotulia alitulia. Walipochangamka aliwapandisha. Ilipotosha mkono ulishuka na kinanda kikaingia juu ya pigo lake bila kuvunja kitu. Nilimkumbuka mzee wa Kishapu na kile chombo chake kisichochoka. Nilimuuliza mwimbaji baadaye nani aliyemfundisha kusimamisha muziki vile. "Wazee wenyewe," alisema. "Mwaka juzi walikataa kucheza kompyuta. Walikaa chini wote. Tangu siku ile natembea na babu."

Lipo linaloniuma katika biashara hii, na nitalisema. Wimbo unaolipiwa na anayetajwa huwaacha nje wasio na cha kulipa, na kwenye machimbo hao ni wengi: wanawake wa mialo, vijana wa viroba, wapishi. Usiku ule yule dada wa Kakola alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi. Kwenye kiitikio, pale alipotakiwa kurudia jina la bwana harusi, aliwaita kwa majina wanawake waliokuwa wamepika tangu alfajiri, mmoja mmoja. Vigelegele vilivyotoka jikoni vilizidi vya meza kuu. Mwimbaji aligeuka kumtazama, kisha akampisha kipaza sauti. Hakuna aliyetoa noti kwa majina yale, na hakuna aliyeyasahau.

Linaloniuma zaidi ni ile ngoma ya kwenye faili. Nilimuuliza prodyuza waliopiga walipata nini. Soda na nauli, alijibu, na hakuona vibaya kunijibu. Pigo lao sasa liko kwenye nyimbo nyingi za Kahama na linasafiri kwenye kila flashi kutoka Shinyanga hadi Chato. Tuna sheria ya hakimiliki tangu 1999 na tuna COSOTA, iliyoundwa kwayo kusimamia haki hizo, lakini kundi la kijiji lisilosajiliwa popote litaanzia wapi? Ningependa waimbaji hawa, ambao wanajua kuliko wanasheria wote thamani ya kutaja jina, walitaje lile kundi ndani ya wimbo kama wanavyowataja wenye maduara, na wawatengee fungu. Nilimweleza hivyo prodyuza. Alisema majina ya wapigaji anayo kwenye simu, na akafungua kunionesha: saba, pamoja na kijiji.

Asubuhi tulikuwa tena kwenye Noah, safari hii kuelekea Runzewe, ambako kulikuwa na harusi nyingine Jumamosi. Mwimbaji alikaa mbele na karatasi mpya magotini. Haikuwa imekamilika. Alipiga simu kwa kaka wa bwana harusi, akaweka spika ya nje ili prodyuza naye asikie.

"Mama yenu jina sijaliona hapa."

"Aa, mzee, mama andika tu mama Kulwa."

"Mama Kulwa ni wengi Runzewe. Jina lake. Na baba yake ni nani, na alitokea kijiji gani?"

Upande wa pili kukawa kimya, halafu tukasikia mtu akiitwa kwa nguvu kutoka uani. Sauti ya mwanamke ikaja kwenye simu, ikamwamkia mwimbaji, ikaanza kujitaja yenyewe kuanzia kwa babu. Mwimbaji aliandika haraka, akimwomba arudie jina la kijiji. Nyuma prodyuza alishafungua kompyuta mapajani, anatafuta mwendo wa biti.